Gee's Bend: Kijiji Kilichoshona Jasho Lake

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za wafanyakazi kuna nguo moja ambayo haivaliwi tena na wala haitupwi. Huenda ni shati la kazi la baba lililopauka mabegani, au kanga ya mama iliyochujuka hata jina lake halisomeki. Mtoto akiuliza kwa nini nguo hiyo inawekwa, huambiwa tu, "Iache hapo hapo."

Leo nakuomba tufuatane kwa fikra hadi kijiji kimoja cha Wamarekani Weusi ambako akina mama hawakuziacha nguo za namna hiyo sandukuni. Walizichana, wakazishona upya, na rangi zake zilizopauka zikaja kutundikwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Marekani. Tukifika huko tutajiuliza swali moja: rangi hizo zina maana gani, na ni nani aliyezipa maana hiyo?

MAJI PANDE TATU

Kijiji chenyewe huitwa Gee's Bend. Kimo katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Kwa mambo ya posta huitwa Boykin, lakini wenyeji na walimwengu hukijua kwa jina lake la zamani. Mto Alabama unapofika hapo hupinda na kukizunguka kijiji pande tatu. Upande wa nne ndio wenye barabara. Ng'ambo ya mto uko mji mdogo wa Camden, makao makuu ya wilaya, wenye maduka, mahakama na ofisi za serikali.

Jina la Gee ni la Joseph Gee, aliyetoka North Carolina mwaka 1816 na kuanzisha hapo shamba la pamba lililolimwa na watumwa. Katika miaka ya 1840 shamba hilo likaingia mikononi mwa Mark Pettway, naye pia mtu wa North Carolina. Alihamia Alabama na watumwa wapatao mia moja, nao wakaikata safari hiyo ndefu kwa miguu. Hata leo ukisoma majina ya washonaji mashuhuri wa kijiji hiki utakutana na jina la Pettway kila mara, wengine wakiwa hawana udugu wa damu. Ni jina la bwana lililowekwa juu ya watu wake, kama alama inavyowekwa juu ya ng'ombe. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wengi walibaki pale pale wakilima pamba ile ile katika ardhi isiyo yao, wakikopeshwa mbegu na chakula hadi mavuno.

Mwaka 1932 kijiji kilipatwa na msiba ambao wazee waliusimulia kwa miaka mingi. Bei ya pamba ilikuwa imeporomoka, na wakulima walikuwa na deni kwa mfanyabiashara mmoja wa Camden. Alipofariki, madeni yake yakadaiwa kwa mkupuo. Wadai walikuja wakachukua wanyama wa kulimia, ng'ombe, kuku, zana, mahindi na hata viazi vya chakula. Familia zipatazo 60 ziliachwa zikiyangoja majira ya baridi bila akiba yoyote, mpaka msaada wa Chama cha Msalaba Mwekundu ulipofika.

Baadaye serikali ya Rais Roosevelt iliinunua ardhi ile, ikajenga nyumba mpya, na katika miaka ya 1940 familia nyingi zikaweza kununua mashamba kwa mikopo ya riba ndogo. Likumbuke jambo hili, ndugu msomaji, maana litatufaa mbele: watu wa Gee's Bend wakawa na ardhi yao wenyewe, wakati Weusi wengi wa wilaya ile walikuwa bado wakiishi kwa hisani ya kabaila.

Mpiga picha Arthur Rothstein alifika huko mwaka 1937. Picha zake zinaonyesha nyumba za magogo, kuta na madirisha ya mbao yamebandikwa kurasa za magazeti ili kuzuia upepo. Gazeti lilifanya kazi ukutani. Kitandani, kazi ya kuzuia baridi ilikuwa ya mfarishi.

RANGI ITOKAYO GOTINI

Mfarishi ni tandiko la vitambaa viwili vyenye pamba katikati, vilivyoshikizwa pamoja kwa mishono mingi. Uso wake wa juu huungwa kwa vipande. Mwenye fedha hununua kitambaa kipya dukani akachagua rangi aipendayo. Mama wa Gee's Bend hakuwa na uchaguzi huo. Alikuwa na suruali za mumewe zilizotoboka, ovaroli za wanawe, nguo zake mwenyewe za shambani, magunia ya mbolea na viroba vya unga. Alitandika mifarishi kitandani na sakafuni, akaitundika ukutani kuziba nyufa. Iliyochakaa kabisa ilichomwa, moshi wake ukafukuza mbu.

Kwa hiyo rangi za mifarishi hiyo hazikutoka dukani zikiwa tayari. Zilitengenezwa shambani na jua, sabuni na jasho. Hebu nikueleze jinsi zilivyotengenezwa.

Kitambaa cha jinzi hufumwa kwa nyuzi za aina mbili. Nyuzi za mtande hutiwa nili, na zile za mshindio huachwa nyeupe. Nili haipenyi hadi kiini cha uzi, bali huushika kwa juu juu. Kila nguo inaposuguliwa, kufuliwa na kuanikwa, buluu ya juu hubanduka na weupe wa ndani hujitokeza. Ndiyo maana suruali ya mkulima hupauka kwanza magotini na mapajani. Lakini chini ya mfuko ulioshonwa, au chini ya kiraka, jua halifiki. Bandua mfuko huo baada ya miaka mingi, nawe utakuta umbo lake limebaki pale kwa buluu nzito, kama ilivyokuwa siku nguo iliponunuliwa.

Mshonaji mwingine angeiona sehemu ile kuwa ni doa, akaikata na kuitupa. Wa Gee's Bend waliitumia. Katika mifarishi yao utaona miguu mizima ya suruali iliyopasuliwa na kulazwa sambamba, ikiwa na vivuli vya mifuko na vya viraka vya magotini. Buluu moja hugeuka kuwa buluu kumi, kuanzia ile iliyo karibu na usiku hadi ile iliyo karibu na maziwa. Mtu aliyepata kufanya kazi ya mikono anaweza kuisoma: hapa alipiga magoti, hapa alifuta mikono, hapa alitia kisu chake mfukoni.

Nili yenyewe ina historia ndani ya historia hiyo. Katika karne ya 18, South Carolina ikiwa bado koloni la Uingereza, nili ilikuwa miongoni mwa mazao yake makubwa ya kuuza nje. Waliopanda mmea huo, wakavundika majani yake na kuukoroga mchuzi wake wenye uvundo, walikuwa Waafrika watumwa. Baadaye nili ilianza kutengenezwa viwandani, lakini rangi ni ile ile. Utaona basi kwamba buluu iliyozalishwa kwa mikono ya watumwa ili iwatajirishe wengine ilikuja kuwa rangi ya nguo za kazi za vizazi vya Weusi vilivyofuata, na hatimaye akina mama wakaigeuza ikawa mali yao.

NGUO ZA MAREHEMU

Mfarishi mmoja unatosha kuonyesha maana hiyo. Uliunganishwa mwaka 1942 na Missouri Pettway. Mumewe, Nathaniel, alikuwa amefariki, na nguo zake za kazi zimebaki nyumbani. Binti yao Arlonzia, ambaye naye alikuja kuwa mshonaji mashuhuri, alisimulia alipokuwa mzee jinsi mama alivyokata shauri kwamba nguo zile hazitatupwa. Alizikusanya suruali na mashati ya marehemu, akazichana vipande, akavishona pamoja ili apate kumkumbuka na kulala akiwa amefunikwa nazo.

Utazame mfarishi huo, nawe utaona buluu zilizopauka na weupe uliochakaa wa magunia ya pamba. Watu wengi duniani huomboleza kwa rangi iliyowekwa na desturi, nyeusi kwa wengine na nyeupe kwa wengine. Missouri Pettway aliomboleza kwa rangi aliyoiacha marehemu mwenyewe. Rangi ile haikuwakilisha kazi ya mumewe kwa mfano au kwa fumbo. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe, imebaki katika nguo baada ya mwili kuondoka.

Tusidhani hata hivyo kwamba kila mfarishi ulishonwa kwa mapenzi ya sindano. Loretta Pettway, aliyezaliwa mwaka 1942, alieleza wazi kwamba kushona hakukumpendeza. Alishona kwa sababu nyumba ilikuwa na baridi na hakuwa na wa kumsaidia. Hata hivyo mifarishi yake imehesabiwa miongoni mwa iliyo bora kuliko yote ya kijiji kile. Dhiki ilimlazimisha kushona, lakini dhiki haikumwambia ni kipande gani akiweke kando ya kipi. Hilo aliliamua yeye.

KIVUKO KILIPOONDOLEWA

Mapema katika miaka ya 1960 Weusi wa Gee's Bend walianza kuvuka mto kwenda Camden kudai haki ya kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1962 huduma ya kivuko ikasimamishwa. Safari ya dakika chache majini ikawa safari ya barabara ya kuzunguka, kilomita zipatazo 64. Yeyote aliyewahi kukaa ng'ambo ya maji, akatazama taa za mji huku pantoni haipo, anafahamu adhabu hiyo ilikuwa nzito kiasi gani kwa mgonjwa, kwa mzazi na kwa mwenye kutafuta riziki.

Lakini hapa ndipo ile ardhi niliyokuomba uikumbuke ilipofanya kazi. Mpangaji aliyethubutu kutaka kura aliweza kufukuzwa shambani. Mwenye shamba lake hakuweza kufukuzwa kwa urahisi. Dokta Martin Luther King alipokizuru kijiji mwezi Februari 1965, alikuta watu waliokwisha kata shauri.

Mwaka uliofuata, 1966, wanawake wa Gee's Bend na vijiji jirani waliunda chama cha ushirika kilichoitwa Freedom Quilting Bee, kwa msaada wa kasisi Francis Walter. Kasisi huyo alikuwa ameona mifarishi imeanikwa kwenye kamba nje ya nyumba, akatambua kwamba ingeweza kuuzwa. Mifarishi ya kwanza ilipigwa mnada New York. Estelle Witherspoon akawa kiongozi wa ushirika huo kwa miaka mingi. Chama kilinunua ardhi, kikajenga kiwanda kidogo cha kushonea, na sehemu ya viwanja kikaziuzia familia zilizofukuzwa makwao kwa sababu ya kudai haki. Wanawake wengi walishika hapo mshahara wao wa kwanza ambao haukutoka katika shamba la pamba.

Ushirika ulileta fedha, lakini ulileta pia mashaka mapya. Maduka ya mijini yalitaka mifarishi ifanane, ya leo kama ya jana, rangi zikiwa zimepangwa kabla. Mama aliyezoea kushona kwa njia yake mwenyewe sasa alipewa kielelezo akifuate. Wengine walivumilia kwa sababu ya mshahara, wengine wakaona heri wabaki nyumbani na vipande vyao.

Mwaka 1972 chama kilipata mkataba wa kuishonea kampuni ya Sears foronya za kodrai, kile kitambaa chenye mistari iliyoinuka. Kodrai hiyo ilikuja kwa rangi zilizopendwa mijini miaka ile: dhahabu, kijani cha parachichi, nyekundu, kahawia. Foronya zilikwenda madukani, mabaki yakachukuliwa nyumbani. Ghafla mifarishi ya Gee's Bend ikawaka. Rangi zilizoamuliwa na ofisi za mbali zilikatwa upya zikatii macho ya mwanamke wa kijijini. Kiwandani alishona foronya zinazofanana, na jioni, kwa mabaki yale yale, akashona kisichofanana na chochote.

Mfano mmojawapo ni mfarishi wa Annie Mae Young wa mwaka 1976. Katikati kuna vipande virefu vya kodrai, nyekundu, manjano na kahawia, vimesimama kama moto jikoni. Kuuzunguka moto huo pande zote kuna jinzi iliyopauka ya nguo za kazi. Hapo rangi ya mavuno ya kiwanda na rangi ya jasho la shamba zimekutanishwa. Wekundu ule usingewaka hivyo kama usingezungukwa na buluu iliyochoka, na buluu ile isingeonekana kuwa na heshima hiyo kama isingekuwa na moto wa kuulinda.

KUTOKA KITANDANI HADI UKUTANI

Picha ya mfarishi huo, ukiwa umetandazwa juu ya rundo la kuni, ndiyo iliyomvuta mkusanyaji mmoja wa sanaa kwenda Gee's Bend mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2002 maonyesho makubwa ya mifarishi ya kijiji yalifunguliwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha yakaenda Jumba la Whitney mjini New York na miji mingine. Wahakiki waliilinganisha na michoro ya mabingwa wa Ulaya kama Henri Matisse. Mwaka 2006 Posta ya Marekani ilitoa stempu kumi zenye picha za mifarishi ya Gee's Bend.

Wapo wataalamu walioona katika mifarishi hiyo mkono wa Afrika Magharibi. Huko, kama kwa Waasante na Waewe, nguo hufumwa kwa kanda nyembamba zinazounganishwa, na rangi kali huwekwa kandokando ili zijibizane. Wapo wengine waliotahadharisha kwamba kufanana si ushahidi wa urithi, na kwamba maisha ya Alabama yenyewe yanatosha kueleza mengi. Nadhani tunaweza kuzisikiliza pande zote mbili. Mtu aliyeporwa nchi, lugha na jina huenda alibaki na namna ya kutazama rangi. Lakini tukimsifia babu wa mbali peke yake, tutamnyima sifa mama aliyekaa karibu na moto na sindano yake, akaamua.

Swali la sifa hufuatwa na swali la mapato. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji, Annie Mae Young akiwa mmojawapo, walikwenda mahakamani wakidai haki zao katika biashara iliyotokana na kazi zao. Walioshitakiwa waliyakanusha madai hayo, na mwaka 2008 shauri likamalizwa kwa makubaliano. Sisi tusio mahakimu tunabaki na somo: kusifiwa ni jambo moja, kulipwa ni jambo jingine, na mfanyakazi anastahili yote mawili. Ule ushirika wa mwaka 1966 nao ulifungwa mwaka 2012, baada ya wanachama wengi kuzeeka na kufariki.

Kivuko kilirudishwa mwaka 2006, miaka 44 baada ya kuondolewa, na mwaka 2019 kikawekewa mitambo ya umeme. Kina mama wengi walioshuhudia kikiondolewa hawakuwahi kukiona kikirudi. Lakini desturi yao moja imeendelezwa. Zamani, baridi ilipokwisha, kila nyumba ilitoa mifarishi yake nje na kuianika ipigwe na upepo. Tangu mwaka 2022 desturi hiyo imefanywa sikukuu ya kijiji, na wageni huja kutazama mifarishi imetundikwa kwenye kamba mchana kweupe.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo pa kuitazamia. Katika jumba la sanaa taa imepangwa na mlinzi anakutazama. Kwenye kamba, upepo huupindua mfarishi, jua likapita kati ya vipande, nawe ukakumbuka kwamba kitu hiki kilishonwa ili mtoto asipigwe na baridi.

Tumezoea kufundishwa maana za rangi kana kwamba zimeandikwa mbinguni: nyekundu ni damu, nyeupe ni amani, nyeusi ni huzuni. Gee's Bend inatufundisha kwamba rangi hupata maana kutokana na waliyoyatenda watu wakiwa wameivaa. Watu hawa walivalishwa jina lisilo lao, wakaporwa mahindi yao na kukatiwa njia ya majini, lakini hakuna aliyeweza kuwaamulia ni kipande gani kikae kando ya kipi.

Basi siku mtoto wako atakapouliza tena kuhusu lile shati lililopauka mabegani, usimwambie tu aliache hapo hapo. Litoe, ulitandaze mezani, umwonyeshe palipopauka na umweleze ni kazi gani iliyopapausha.